Pacha wa Askari wa Bati

Mikosi yangu ni ya kudandia popote, kwa hiyo hata kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma katika safu hii, hujachelewa.

Jina langu Delmar Rauch. Kwa miaka arobaini nimekusanya picha za bati za askari wa vita vile vya Kaskazini na Kusini mwa Marekani. Ni vipande vyeusi vya bati, vingi havizidi kiganja, na kila kimoja kina kijana aliyejikaza mbele ya kamera kabla hajaenda kufa.

Mwezi wa Aprili kiharusi kilinipiga kwenye maonyesho, nikiwa nabishana na mtu kuhusu kifungo cha koti. Mkono wa kulia ukafa. Tukauza nyumba yetu, tukahamia kwa mama mkwe wangu, Mama Verna, mwenye miaka themanini na minane na ulimi wa miaka ishirini.

Kubwa kuliko yote mnalijua, maana nilikiri kwenu wiki mbili zilizopita, nikashindwa kukiri kwa mke wangu. Yule askari aliyetundikwa sebuleni kwa Mama Verna, anayeitwa Amandus Kistler, si Amandus Kistler. Jina nilimpa mimi.

Amandus wa kweli alikuwa baba wa babu yake Mama Verna. Alikwenda vitani mwaka 1862, akaacha mke aliyeitwa Salome na mtoto wa miezi minne. Homa ikamuua kambini huko Virginia, wenzake wakamfukia mahali ambapo mpaka leo hakuna anayepajua. Hakuacha kaburi wala picha. Salome alivaa nguo nyeusi miaka arobaini.

Nami, miaka thelathini na moja iliyopita, nilimtaka binti yake, Arlene. Mama Verna akaniita mwokota mabati. Alikuwa na mkwe wake tayari, kijana mmoja anaitwa Royce, mwenye ng'ombe sitini na shingo ya kuvunjia kuni. Nikachukua askari mmoja asiye na jina, niliyempata mnadani ndani ya boksi la sigara. Nikaandika kikaratasi chenye jina la Amandus, nikakificha nyuma ya bati, nikampelekea Mama Verna. Akakifungua, akasoma, akalia nusu saa nzima. Alipomaliza kulia akaniita mwanangu.

Arlene humwita Amandus mshenga wetu. Kila mwaka, siku ya ndoa yetu, humwekea ua chini ya picha.

Sasa kanisa limemwekea Amandus jiwe la kumbukumbu, lenye jina lake na sura ile ya bati. Lilikuwa lizinduliwe Jumapili. Jumamosi mchana, saa nane, kengele ya mlango ikalia, nikafungua kwa mkono wa kushoto, nikamkuta mgeni ameshika kopo la biskuti. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, wasomaji wangu.

"Samahani, bwana," alisema. "Naitwa Wendell Truax. Nimetoka Ohio alfajiri. Hapa ndipo kwa Mama Verna Kistler?"

"Ndipo. Una shida gani naye?"

"Sina shida, nina furaha." Machozi yalikuwa yanamlengalenga, mtu mzima na mvi zake. "Nimeona sura ya askari wenu kwenye gazeti la wakusanyaji. Mimi ni dereva mstaafu wa basi la shule, bwana, si mtu wa kukurupuka. Lakini nikisema sijalala siku tatu, amini."

Akafungua kopo. Ndani mlikuwa na soksi, na ndani ya soksi soksi nyingine. Akatoa bati.

Nikainama kulitazama.

Alikuwa yeye, yule yule wa ukutani kwetu. Koti lile lile limepungukiwa kifungo cha tatu, kikombe kile kile kinaning'inia mkandani, na nyusi ya kushoto imekatika katikati kwa kovu. Hata mkunjo wa pazia nyuma yake ulikuwa ule ule.

Niwaeleze kosa langu, mnicheke vizuri. Kamera nyingine za zama zile zilikuwa na macho manne. Mpiga picha anafungua mara moja, anapata picha nne kwenye bati moja, kisha anazikata kwa mkasi. Askari anaondoka na pacha wanne. Kila mkusanyaji analijua hilo, na mimi nimelifundisha kwenye maonyesho mpaka watu wakanichoka. Nililisahau siku moja tu, nayo ndiyo siku niliyotakiwa kulikumbuka.

"Nani huyo, Delmar?" Mama Verna aliita kutoka sebuleni. "Kama anauza madirisha, mwambie tunayo."

"Si mtu, Mama," nikasema. Ulimi wangu umezoea uongo kiasi hicho.

"Si mtu anaongea hivyo? Mlete!"

Ningefanyaje? Nikamleta.

Arlene alikuwa anapiga pasi gauni la kesho. Mama Verna alikuwa kwenye kiti chake, simu mezani, kitabu cha ibada mapajani. Wendell akapiga goti mbele yake, mzee mzima, akamwekea bati mkononi.

Mama Verna akalisogeza karibu na pua. Kisha akatazama ukutani. Kisha akalitazama tena.

"Arlene," akasema polepole, "nishushie Amandus."

Wakawekwa ubavu kwa ubavu juu ya kitabu cha ibada. Arlene akaziba mdomo.

"Wewe huyu umempata wapi?" Mama Verna akauliza.

"Ni baba wa babu yangu, Mama. Harlan Truax. Miaka ishirini namtafutia kwao. Alitokea tu Ohio, mguu na njia, hana ndugu hana barua, ana bati hili mfukoni. Akiulizwa kwao wapi, anatoka kwenda kukamua ng'ombe, hata kama ameshawakamua."

"Alifika mwaka gani?"

"Sitini na tatu. Majira ya kuchipua."

"Vita vikiwa bado vinaendelea."

"Vikiwa bado, Mama." Wendell alikuwa anatabasamu. Hakuona linalokuja, maskini. "Akaoa sitini na nne. Akapata watoto tisa."

"Tisa," alisema Mama Verna.

Pasi ilikuwa inatoa mvuke peke yake.

Mimi nilikuwa nimeliona kabla yake. Mama Verna alikuwa anapiga hesabu. Sura moja na majina mawili: mmoja kapotea Virginia, mwingine kazuka Ohio mwaka unaofuata, hataki kusema katoka wapi. Hata mimi, kama nisingekuwa mimi, ningepata jibu lile lile.

"Mbwa huyu!" Mama Verna akapiga kelele. "Hakufa! Alitoroka!"

"Mama, tafadhali," Arlene akasema.

"Usiniambie tafadhali! Salome kavaa nyeusi miaka arobaini! Kalima kwa mikono yake, mtoto kamfunga mgongoni! Baba yangu alikuwa ananisimulia, kila jioni anasimama getini anatazama barabara. Kumbe anayemngoja yuko Ohio anazaa! Tisa! Si mmoja, si wawili!"

"Mama, mimi sikuja kwa ubaya," Wendell akasema, rangi imemtoka.

"Wewe huna kosa, mwanangu. Wewe ni damu yangu. Inuka hapo chini, magoti yatakufa ganzi. Arlene, mkatie ndugu yako pai ya molasi." Kisha akageuka na uso ukabadilika. "Lakini yeye, jiwe hapati. Simpi jiwe mtoro. Delmar, nipe namba ya Zerbe."

Zerbe ndiye mchonga mawe.

Wasomaji wangu, mimi ni mwoga. Nimeshawaambia. Lakini nilimfikiria yule kijana wa kweli, Amandus, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka ishirini na mbili, hakumkosea mtu. Alikosa kaburi. Akakosa sura, nikampachika ya mtu mwingine. Sasa kwa sababu yangu anaitwa mbwa na mtoro ndani ya nyumba ya wajukuu wake, na jina lake linafutwa kabla hata ya kusomwa. Nilimwonea huruma.

Nikasimama mbele ya Mama Verna.

"Mama, Amandus hakutoroka. Huyo kwenye picha si Amandus. Mimi nilidanganya."

Arlene akaacha kisu kwenye pai.

"Nilimnunua mnadani, hana jina. Karatasi ya nyuma niliandika mimi. Nilitaka unikubalie. Amandus wako alikufa Virginia kama ulivyosimuliwa. Jiwe ni haki yake. Sura ndiyo si yake."

Nikamaliza. Miaka thelathini na moja, na maneno yenyewe hayakuzidi dakika moja. Nikainamisha kichwa nikangoja radi.

Mama Verna akanitazama. Kisha, jamani, akatabasamu. Akanyoosha mkono akanishika mkono wangu uliokufa, akaupigapiga.

"Mnamwona mkwe wangu?" akamwambia Wendell. "Anajitia matope ili mimi nisiumie. Huyu nilikuwa namwita mwokota mabati, Mungu anisamehe."

"Mama, nasema kweli!"

"Najua, mwanangu. Kaa chini, presha itapanda."

"Sitaki kukaa! Fungueni kasha la picha muone karatasi!"

Nikalifungua mwenyewe. Kuna namna ya kuinua bati kwenye kasha lake bila kulikwaruza, na hata mkono mmoja unaijua. Kikaratasi kikadondoka mapajani mwa Mama Verna, kimekuwa rangi ya chai. *Kwa Salome wangu. Amandus Kistler, 1862.*

"Karatasi hiyo," nikasema, "nilichana ukurasa mtupu wa mwisho kwenye kitabu cha nyimbo cha Salome. Hicho hapo kwenye kabati lako. Ulikuwa umekwenda jikoni kukata pai."

"Mwongo! Siku zile sikuwa nakupa pai. Nilikuwa sikupendi."

"Ulikuwa unamkatia Royce! Alikuwa amekaa hicho kiti cha bwana Wendell!"

Wendell akainuka kidogo kwenye kiti, kama vile kinamchoma.

"Arlene, kilete hicho kitabu," Mama Verna akasema.

Kikaletwa. Kitabu cha nyimbo cha Kijerumani, jalada la ngozi, jina la Salome ndani kwa wino. Arlene akafungua mwisho. Ukurasa ulikuwa umechanwa. Akaweka kikaratasi pale. Meno kwa meno, kikaingia sawasawa.

Nikavuta pumzi. Haki imepatikana, nikasema moyoni.

"Unaona?" Mama Verna akasema, sauti imelainika, machozi yanamtoka. "Salome kachana ukurasa wa kitabu chake mwenyewe, kampa mumewe aandike. Kaiweka nyuma ya uso wake. Kitabu hiki hakijatoka nyumba hii hata siku moja. Sasa utaniambia nini, Delmar? Ushahidi huu hapa. Picha ni yake."

Ule ujanja wangu wa kijana, wa kutafuta karatasi ya zamani ya nyumba ile ile ili uongo ukae vizuri, ulikuwa umekaa vizuri mno. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeingia, na watu wanapita juu wananisifia nilivyochimba.

"Arlene," nikamgeukia mke wangu. "Wewe angalau niamini."

Arlene alikuwa amechoka. Miezi mitano ananivalisha soksi. "Delmar, mpenzi," akasema, "sasa si wakati wa ushujaa. Unamchanganya Mama. Hata huo mwandiko si wako. Nina barua zako zote za uchumba, mwandiko wako ulikuwa umelala kulia, mzuri kama wa mwalimu."

"Niliandika kwa mkono wa kushoto! Ili uonekane wa kijana wa shamba, hakusoma!"

"Haya. Kwa mkono wa kushoto," akasema Mama Verna, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. "Nipeni simu."

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijaliambia hata mto wangu. Waliponikatalia, kuna sehemu yangu ilifurahi. Nimekiri. Nimetimiza wajibu. Hawakutaka kuniamini, basi, mimi nifanyeje? Nitabaki na mke wangu, nitabaki na kiti changu mezani, na Mama ataendelea kuniita mwanangu. Kwa pumzi mbili hivi nilikuwa mtu mwepesi, nikajichukia hapo hapo.

Mama Verna alikuwa ameshapiga.

"Zerbe? Verna hapa. Lile jiwe limeshasimamishwa? ... Limesimama. Sawa. Nataka ulifute jina. ... Sikuuliza kama linafutika, nimesema lifute. ... Na hiyo picha, ing'oe. ... Wale wa kupiga bunduki za heshima kesho, waambie wakae kwao. Hakuna atakayepigiwa mizinga."

"Mama, ngoja kwanza," Wendell akasema. Sasa alikuwa analia waziwazi, pai haijaguswa. "Msifute, mimi ningependa yeye apate jiwe. Amekosea, lakini miaka ishirini namtafutia kwao. Leo nimepata kwao, nanyi mnamfukuza?"

"Sikufukuzi wewe."

"Mimi na yeye si wamoja?"

Hapo niliona kitu kingine, na kikanimaliza. Mtu huyu ameendesha gari tangu alfajiri akapata ukoo. Nikisadikiwa, ninamnyang'anya. Nisiposadikiwa, Amandus anakufa mara ya pili. Kila mlango nilioushika ulikuwa na mtu nyuma yake ninayemuumiza.

"Zerbe anauliza ashike nyundo au asishike," Mama Verna akasema, kaziba simu kwa kiganja. "Anasema akishapiga pigo la kwanza hakuna kurudi."

Nikamtafuta Arlene anisaidie. Hakuwepo.

Kikaratasi nacho hakikuwepo kwenye kitabu.

Nikageuza shingo. Kupitia mlango wa jikoni nikamwona amesimama mbele ya friji, mgongo kwetu, hatikisiki. Kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku yenye umbo la kuku, kuna orodha ya vitu vya dukani. Orodha hiyo ni kazi yangu. Tangu kiharusi, ndiyo kazi pekee iliyobaki ninayoweza kuifanya katika nyumba hii. Sukari. Sabuni. Soseji. Siagi ya matofaa.

Naiandika kwa mkono wa kushoto.

Miezi mitano Arlene anabeba mwandiko ule kwenda dukani na kurudi. Ile S yangu ya kushoto, iliyoanguka kifudifudi, tumbo limegusa mstari. Anaijua kuliko anavyojua S ya mtu yeyote duniani.

Salome ana S.

Alirudi sebuleni bila haraka. Mkono mmoja kikaratasi, mkono mwingine orodha. Hakuwa analia. Ningeshukuru kama angekuwa analia.

"Arlene," nikasema.

"Unajua, Delmar," akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "wiki ile nilikuwa nimeshamkubali Royce. Hukujua hilo. Sikuwahi kukwambia. Nilikuwa nimemkubali, lakini moyo hautulii. Nikaomba. Nikasema, Bwana, kama ni Delmar, nipe ishara, Mama amkubali mwenyewe bila mimi kusema neno. Siku ya tatu ukaja na Amandus."

Sikujua. Miaka thelathini na moja na ua chini ya picha kila mwaka, na sikujua.

"Nikadhani amenijibu Mungu," akasema.

"Mnanong'ona nini?" Mama Verna akauliza. "Zerbe anangoja, mikono inamwuma."

Arlene akapita mbele yangu bila kunigusa. Akaweka karatasi mbili juu ya kitabu cha ibada, moja ya rangi ya chai, moja nyeupe, katikati ya wale pacha wa bati. Wendell akanyoosha shingo, asielewe kwa nini anaonyeshwa soseji na sabuni.

"Mama, usikate simu," Arlene akasema. "Mwambie Zerbe asishike nyundo kwanza. Vaa miwani yako usome hapa."

"Miwani iko wapi?"

Ilikuwa juu ya kabati, pembeni yangu. Wote watatu wakageuka kunitazama.

"Mpe Mama miwani, Delmar," akasema mke wangu. "Kwa mkono ule ule."